Ufadhili wa elimu kwa askari wastaafu: Butiama na Mkoa wa Mara

Ufadhili wa elimu kwa askari wastaafu ni fedha au huduma ambazo serikali humpa mtu aliyevua gwanda ili asome: ada, vitabu, zana za ufundi, posho ya kujikimu, na pengine karo ya watoto wake. Nchi kadhaa zimeuweka msaada huu katika sheria. Tanzania haina sheria ya namna hiyo. Askari anayerudi uraiani hupita milango ileile ya elimu anayopita raia mwingine yeyote. Historia ya Butiama inaonyesha vizuri jinsi hali hiyo ilivyojengeka, kwa kuwa ndiko alikozaliwa mmoja wa majenerali wakuu wa nchi, na ndiko alikozaliwa Rais aliyeamua nani anamdai nani kati ya msomi na taifa.

Vijana wawili wa Butiama

David Bugozi Musuguri alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa hapohapo tarehe 13 Aprili 1922. Mwaka 1942 Musuguri alijiunga na Keya, jina ambalo watu waliyapa majeshi ya King's African Rifles, akapelekwa kupigana Madagaska. Mwaka uliofuata Nyerere, aliyekuwa amepita Shule ya Mwisenge mjini Musoma na kisha Tabora, aliingia Chuo cha Makerere. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akarudi mwaka 1952 na shahada ya uzamili.

Musuguri alibaki jeshini. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kuwa Jenerali na Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia 1980 hadi 1988. Alifariki tarehe 29 Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Elimu ya mmoja ililipiwa darasani, ya mwenzake ilipatikana kwenye paredi na vitani.

Askari wa Keya na kurudi nyumbani

Tanganyika ilitoa askari wapatao 87,000 katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika Keya, na wengi walijifunzia kambini kusoma na kuandika. Haja ilianza na barua. Askari aliyekuwa Burma, mke na wazazi wake wakiwa ng'ambo ya bahari, alimtegemea mwenzake amwandikie. Aliyejua herufi aliandika siri zake kwa mkono wake mwenyewe. Wengine walitoka na ujuzi wa kuendesha na kutengeneza magari, kupiga simu za upepo na kuuguza majeruhi.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilitarajia wengi wao warudi mashambani. Waliondoka na kiinua mgongo, na baadhi wakapata mafunzo ya ufundi. Nchini Kenya, kituo cha Kabete kilikuwa miongoni mwa vile vilivyopokea askari wa zamani. Haki ya kuendelea na shule kwa gharama ya serikali haikutolewa kwa wote. Ndivyo aliyeendesha magari ya jeshi vitani alivyojikuta tena akiweka dole gumba mbele ya karani, ikiwa hakubahatika kujifunza kuandika kambini.

Deni la msomi

Uhuru ulileta swali jipya: msomi anadaiwa nini na taifa? Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu, waliosomeshwa kwa kodi ya wakulima, walitumikie taifa kwa miaka miwili. Sehemu ya kwanza wangeishi kambini. Miezi 18 iliyobaki wangefanya kazi zao huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga mpango huo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwa Mwalimu, shule ilikuwa mkopo wa wanyonge. Mkulima wa pamba wa Bunda amejinyima ili kijana asome, kwa hiyo kijana anadaiwa.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma. Azimio linakumbukwa zaidi kwa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, lakini liligusa pia elimu ya juu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa aende JKT, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili na kupata mapendekezo ya mahali pa kazi na chama, ndipo aombe chuo kikuu. Utumishi ukatangulia masomo, na serikali ikalipia masomo hayo. Katika historia ya Tanzania, hapa ndipo sera ilipokaribia zaidi wazo la kumsomesha mtu kwa sababu amelitumikia taifa. Sharti hilo lililegezwa na hatimaye kuachwa.

Kisomo na vita vya Kagera

Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67. Mara ilikuwa mmoja wa mikoa minne ya Kanda ya Ziwa iliyofanyiwa majaribio ya kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO kuanzia 1968, pamoja na Mwanza, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Vitabu vya kwanza vilifundisha herufi kupitia kazi za watu: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Jioni, jembe likishawekwa, mzee aliyewahi kuvaa kofia ya Keya alikaa benchi moja na mkewe, akishika chaki kwa vidole vilivyozoea mpini. Masomo haya, ambayo watu waliyaita ngumbaru, hayakuwa na ada, na yalimpokea askari wa zamani kwa sababu ni mtu mzima asiyejua kusoma. Kufikia 1986 wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa chini ya asilimia 10.

Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978 baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuvamia, viliongeza mara kadhaa idadi ya waliobeba silaha. Kutoka askari wasiofika 40,000, jeshi lilizidi watu 150,000, wakiwemo mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Musuguri aliongoza Divisheni ya 20. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Vita vilipokwisha mgambo walirudi vijijini, nchi ikiwa imeelemewa na gharama za vita. Milango yao ya elimu ilikuwa ileile ya jirani zao: kisomo, vyuo vya maendeleo ya wananchi kama Kisangwa wilayani Bunda, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Hali ya sasa

Leo mafunzo mengi hutolewa kabla ya kustaafu. Vijana wa kujitolea hufundishwa stadi za kazi katika kambi za JKT, mojawapo ikiwa Rwamkoma, kikosi cha 822 KJ, wilayani Butiama. Walio jeshini husomeshwa katika vyuo vya kijeshi kama Monduli na Duluti. Kwa aliyekwisha kustaafu kuna Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, ambacho humruhusu kusoma akiwa nyumbani.

Ugumu uko kwenye fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, katika miongozo yake ya miaka ya karibuni imemtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35. Kijana aliyeingia jeshini akiwa na miaka 20 na kutumikia miaka 20 anatoka akiwa na 40. Mkopo umempita alipokuwa lindoni.

Nchi nyingine

Marekani ilipitisha sheria yake ya askari waliorudi vitani tarehe 22 Juni 1944. Ililipa ada, vitabu na posho, na kufikia 1956 watu milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kujifunza ufundi kwa msaada huo, ingawa wengi wa askari weusi walizuiwa kuufaidi na ubaguzi wa majimboni. Sheria inayowahusu waliotumikia baada ya tarehe 10 Septemba 2001 hutoa hadi miezi 36 ya masomo. Afrika Kusini ilitaja elimu na mafunzo miongoni mwa haki za askari wa zamani katika sheria ya 2011, na Kenya ilipata sheria yake ya askari wastaafu mwaka 2022. Uganda, ilipowapunguza askari zaidi ya 36,000 kati ya 1992 na 1995, iliwapa mabati, majembe, mbegu na msaada wa karo za watoto.

Tathmini

Tanzania ilijenga kwa uthabiti upande mmoja wa ahadi: aliyesomeshwa na taifa alitumikie. Upande wa pili, kwamba aliyelitumikia taifa kwanza naye asomeshwe, umebaki bila sheria. Hauhitaji hazina kubwa kuanza. Miaka ya utumishi ikiondolewa katika hesabu ya umri wa mwombaji mkopo, askari wa miaka 40 aliyetumikia 20 ataingia foleni pamoja na vijana. Butiama sasa ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, na Rwamkoma iko wilaya hiyohiyo. Kwa kijana wa Mara anayeanza kambini, njia ya kutoka hapo kwenda darasani ni fupi. Iliyobaki ndefu ni ya makaratasi, na hiyo inafupishwa kwa sheria.