Shanga za Ujiji na kasha la plastiki

Kijana jirani yangu hapa Katubuka aliniuliza juzi: mtu anawezaje kununua kwa maelfu ya dola kitabu cha katuni asichoweza kukifungua? Alikuwa amesoma habari za CGC, kampuni ya Marekani inayovipa vitabu hivyo alama hadi 10 na kuvifungia ndani ya kasha la plastiki. Mapema mwaka 2024 ilitangaza makasha zaidi ya 300 yanayotiliwa shaka: kitabu kizuri kimetolewa, hafifu kimeingizwa chini ya lebo ya alama za juu.

Nikamrudisha Ujiji ya 1874. Mwingereza Verney Lovett Cameron alikuta fedha ya soko ni shanga ziitwazo sofi, mfano wa vipande vya mrija wa kiko. Soko likianza, wabadilishaji walikuja na mifuko wakatoa sofi kwa shanga nyingine. Likifungwa, walizipokea tena kwa wachuuzi. Faida walipata mara mbili (nani hubadilisha fedha kwa thawabu?). Lakini shanga aliyoitoa mwenyewe asubuhi, angeikataaje jioni, soko zima likimtazama?

Kijana akafikiri, kisha akauliza: "Na hao wa makasha, mzee, hukaa soko gani?"