Mizaha Iliyowanyima Wakubwa Usingizi

Mwaka 2005 jina la Githongo lilikuwa midomoni mwa watu Nairobi hadi London, lakini aliyetajwa hakuwa mtu wa soko la Githongo katika Imenti ya Kati, lililozungukwa na michai na migomba upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Alikuwa John Githongo, katibu wa kudumu wa maadili na utawala katika Ikulu ya Mwai Kibaki, aliyejiuzulu akiwa Uingereza baada ya kuifukua kashfa ya Anglo Leasing. Wenyeji wa soko wangeweza kuishia kutabasamu tu kwa kuazimwa jina, lakini sakata lenyewe lilikuwa na mikono ya nyumbani. Aliyewasilisha hati bungeni mwaka 2004 alikuwa Maoka Maore, mbunge wa Ntonyiri. Waziri wa Sheria wakati huo alikuwa Kiraitu Murungi, mbunge wa Imenti Kusini, jirani kabisa.

Hesabu za kashfa hiyo zilitosha kumkasirisha yeyote. Mtambo wa kutengeneza pasipoti, ambao kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imeutaja kwa yuro milioni 6, ulipewa Anglo Leasing kwa yuro milioni 30, na Anglo Leasing yenyewe ilipotafutwa haikuonekana ilipo. Hata hivyo, yuro milioni 30 ni nini kwa mchuma chai anayelipwa kwa kilo? Ni tarakimu inayopita juu ya kichwa kama ndege ya kwenda Ulaya.

Kilichoishusha chini ni tumbo. Julai 2004, balozi wa Uingereza, Sir Edward Clay, aliwaambia wafanyabiashara wa Kiingereza jijini Nairobi kwamba wakubwa wa Kenya wanakula kwa ulafi, na sasa wanawatapikia wafadhili kwenye viatu. Nchi ililipuka. Wachora katuni wakapata kazi ya miezi: matumbo, sahani na viatu vilivyochafuka. Serikali ilighadhibika, ikamtaka balozi alete ushahidi, naye Februari 2005 akapeleka orodha ya zabuni 20 za kutiliwa shaka. Leo ni wachache wanaoweza kutaja hata tano katika hizo 20. Viatu vinakumbukwa na kila mtu.

Februari hiyohiyo Kiraitu Murungi naye alijaribu mzaha. Akimjibu Clay, alisema kwamba balozi kuishinikiza serikali ambayo tayari inapambana na ufisadi ni sawa na kumbaka mwanamke aliyekwisha kukubali. Mashirika ya wanawake yalimjia juu, na waziri akaomba radhi. Watu hao wawili walitumia silaha moja, ila mmoja aliielekeza kwa aliyeshiba na mwingine akamkanyaga aliyeumizwa ili apate cha kuchekesha. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kejeli na ukatili, na Kenya imekuwa ikiipima kwa zaidi ya karne moja.

Katika Meru kipimo hicho kilianza na wakoloni. Edward Butler Horne alipofika mwaka 1908 kuanzisha boma palipo mji wa Meru leo, alikuwa na bunduki, askari na Mfalme wa Uingereza nyuma yake. Wameru wakampachika jina Kangangi, kijitu cha kuzururazurura. Mkuu wa wilaya angeweza kumtoza mtu faini kwa kukosa kuchonga barabara, lakini angemshtaki vipi mtu kwa kumwita jina ambalo kila mtu anamwita? Vijana wa huku walikuwa na shule yao ya mambo hayo katika nyimbo za kirarire za wakati wa jando, ambamo ulimi unanolewa kwa mafumbo na kutaniana kabla kisu hakijanolewa.

Kuna kichekesho kingine katika historia hiyo ya maboma. H. E. Lambert, mkuu wa wilaya wa Meru katika miaka ya 1930, ndiye aliyeipa Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Ameru, nafasi rasmi ndani ya utawala wa kikoloni. Baadaye afisa huyohuyo akawa mtafiti wa Kiswahili, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akachapisha makala juu ya nyimbo za beni, ngoma ya pwani iliyoiga bendi za jeshi la mzungu, pamoja na gwaride na vyeo vyake, huku ikiwapiga vijembe wapinzani wa mtaa wa pili. Mtu aliyekuwa akipigiwa saluti alizeeka akikusanya nyimbo za waliozigeuza saluti kuwa mchezo.

Watanzania wana mpango ulio wazi zaidi wa kutaniana. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kumwambia mwenzake, hata msibani, maneno ambayo mtu mwingine angeyalipia kwa ngumi. Kenya haikurithi utaratibu huo kwa upana wa kitaifa. Ruhusa ya kucheka ilibidi itafutwe kila mara upya, na mara nyingine ilitafutwa kwa gharama ya kifungo.

Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na mchoraji Mwingereza Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, lililomtumia mtu wa kawaida wa Nairobi, mwenye mfuko mtupu na macho makali, kuwatazama wakubwa. Lilidumu hadi 1979. Lakini aliyeipeleka kejeli ya gazetini mpaka vijijini ni mtu wa upande wa pili wa mlima, Wahome Mutahi wa Nyeri.

Safu yake, Whispers, ilitoka katika magazeti ya Jumapili kwa takriban miaka ishirini. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini Kiingereza kilichovishwa gamba la Kigikuyu na kunyunyiziwa Sheng, na kilihusu nyumba moja tu: mume muoga mwenye kiu ya bia, mkewe Thatcher anayetawala kwa mkono wa chuma kama Margaret Thatcher wa London, watoto wasioambilika, mama mzazi Appepklonia, na padri Camissassius kutoka Italia. Kwao alikuita “Slopes”, yaani miteremko ya mlima. Msomaji wa Githongo hakuhitaji kuelezwa padri huyo ni nani. Wamisionari wa Consolata walioibatiza Nyeri ndio waliolijenga Kanisa Katoliki Meru. Wala hakuhitaji kuelezwa miteremko ni ipi. Alikuwa amesimama juu yake.

Werevu wa Mutahi ulikuwa katika kile ambacho hakukisema. Katika enzi ya Daniel arap Moi, kumtaja rais kwa ubaya kulikuwa hatari, lakini hakuna sheria iliyomzuia mtu kulalamika kuhusu dikteta wa jikoni kwake. Mwenye nyumba asiyetaka kuhojiwa, bajeti isiyojulikana inakokwenda, jasusi mdogo anayepeleka habari kwa mama: msomaji alijaza mwenyewe majina yaliyokosekana. Gazeti moja lilipita mikono mingi, na mwalimu aliyelisoma hotelini juu ya chai ya maziwa aliwasimulia wengine kwa Kimeru, akiongeza chumvi yake. Hakuna mhakiki wa serikali anayeweza kuikata sentensi ambayo haikuandikwa.

Hata hivyo, kicheko hakikumkinga. Agosti 1986 alikamatwa katika msako dhidi ya kundi la siri la Mwakenya, akazuiliwa kwenye mahabusu ya Nyayo House, kisha akafungwa miezi 15. Alipotoka aliandika riwaya nzito juu ya mateso, Three Days on the Cross, iliyochapishwa 1991. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini ukimuuliza Mkenya wa umri fulani kuhusu Mutahi, atakutajia Thatcher, si msalaba. Huenda hilo lilimuuma kidogo. Hata hivyo aliendelea na njia ya mzaha, akaipeleka jukwaani kwa Kigikuyu, katika mabaa, wateja wakila nyama choma huku igizo la Mugaathe Mubogothi likimchezea mtukufu rais anayeweweseka. Machi 2003 alipoteza fahamu katika upasuaji mdogo, na Julai 22 mwaka huo akafariki.

Kabla hajaondoka alikuwa amewaona warithi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie waliunda kundi la vichekesho la Redykyulass, na Mong'are akaitoa sauti ya Moi hadharani, ile sauti iliyokuwa ikiwatetemesha mawaziri. Mara ya kwanza watu walicheka huku wakitazama mlangoni. Kisha wakazoea, na woga uliozoeleka hivyo haurudi kwa urahisi. Kiarie baadaye aliingia bungeni akiwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, alisimama bungeni akadai kwamba baadhi ya picha za umati wa waandamanaji zilikuwa za kughushi. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Redykyulass ilipoanza walimgeuza kibonzo kabla jua halijatua.

Si kila kicheko cha Kenya kina thamani hiyo, na Wameru wanalijua hilo kuliko wengi. Kwenye majukwaa ya vichekesho, Mmeru amekuwa kwa miaka mtu wa hasira za karibu, panga na lafudhi nzito. Jasper Muthomi, anayejulikana kama MC Jessy, mzaliwa wa Meru, alijipatia jina katika kipindi cha Churchill Show, na anapowatania watu wake kuna kitu cha mtani ndani yake. Akiwatania mtu wa mbali, mara nyingi kinachobaki ni lafudhi tupu. Kumcheka mkulima wa Imenti hakuhitaji ujasiri wowote.

Godfrey Mwampembwa, Gado, mchora katuni Mtanzania aliyejiunga na gazeti la Nation mwaka 1992, alichagua walengwa wagumu zaidi. Wakati kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zikiendelea, alimchora Rais Uhuru Kenyatta akiburuta mpira wa chuma uliofungwa mguuni. Januari 2015 katuni yake ya Rais Jakaya Kikwete katika The EastAfrican ilifuatiwa na gazeti hilo kupigwa marufuku Tanzania, na mwaka uliofuata mkataba wake na Nation haukuongezwa. Vikaragosi vya The XYZ Show, alivyovianzisha 2009, vilikuwa tayari vimekifikisha kicheko hicho kwenye runinga za wasionunua gazeti.

Siku hizi haihitajiki hata runinga. Rais William Ruto alipandisha ushuru, akaitwa Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia. Mwishoni mwa 2024 akawa Kasongo, kutoka wimbo wa zamani wa Super Mazembe, na mwenyewe aliyataja majina hayo hadharani kwa mzaha. Wakati huohuo Gideon Kibet, anayejulikana kama Kibet Bull, alikuwa akisambaza michoro ya kivuli cheusi cha rais, isiyo na uso wala neno, ambayo kila mtu aliitambua.

Jumamosi ya Desemba 21, 2024, mjini Embu, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akisubiri zamu yake kwa kinyozi alinyakuliwa na watu waliofunika nyuso. Alikuwa amesambaza picha ya kubuni ya rais akiwa ndani ya jeneza. Mzaha mchafu, wengi watakubali, lakini mzaha. Vijana wenzake waliingia barabarani Embu kudai arudishwe. Siku hizohizo Kibet Bull na ndugu yake nao wakatoweka. Desemba 27, akiwa Homa Bay, Ruto aliahidi kwamba utekaji utakomeshwa, akaongeza kwamba wazazi nao walee watoto wao vizuri. Mahakama Kuu ilimtaka Inspekta Jenerali wa Polisi afike mbele yake Januari 8. Januari 6 vijana hao waliachiliwa: wa Embu akafika kwao, Kibet akajikuta Luanda, magharibi mwa nchi, na ndugu yake Machakos. Polisi walishikilia kwamba hawakuwa wamemshika yeyote.