Moyo wa mimba unapopiga polepole: Mama afanye nini siku za kusubiri?

Na Mwandishi Wetu, Moshi

MAMA mjamzito anapoingia katika chumba cha ultrasaundi hutarajia jibu moja kati ya mawili: mimba ni nzima, au si nzima. Lipo hata hivyo jibu la tatu, ambalo huwarudisha nyumbani baadhi ya wanawake wakiwa na mzigo moyoni: moyo wa mimba unaonekana, ila unapiga polepole kuliko inavyotarajiwa, hivyo mama arudi baada ya wiki moja au mbili.

Zamani hofu ya namna hii haikuwapo, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuujua moyo wa mimba mapema kiasi hicho. Kile chombo chenye umbo la tarumbeta ambacho wakunga hukiweka tumboni, kilichobuniwa na daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwishoni mwa karne ya 19, husikia mapigo mimba inapokaribia wiki ya 18 hadi 20. Leo mashine za ultrasaundi zipo katika hospitali na vituo vingi vya mjini Moshi, na mwanamke anaweza kuuona moyo wa mimba yake kabla hata tumbo halijaonekana.

Moyo huanza lini?

Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa kipimo kinachopitia ukeni, mapigo huanza kuonekana kati ya wiki ya tano na nusu na ya sita na nusu. Kipimo cha juu ya tumbo huchelewa kidogo.

Mapigo hayo hayakai mahali pamoja. Huanza yakiwa kama 100 hadi 110 kwa dakika, hupanda haraka hadi karibu 170 ifikapo wiki ya tisa, kisha hushuka taratibu. Mimba inapokomaa huwa kati ya 110 na 160. Kwa hiyo idadi inayotia shaka katika wiki ya nane inaweza kuwa ya kawaida kabisa katika wiki ya sita.

Vipimo vinavyotumiwa na madaktari wengi vilitokana na utafiti wa Peter Doubilet na Carol Benson wa Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 1995. Kwa mimba ya wiki 6 na siku moja hivi, mapigo 100 au zaidi ni ya kawaida, na chini ya 90 ni ya chini. Kwa mimba iliyofikisha wiki 7, mapigo 120 au zaidi ni ya kawaida, na chini ya 110 ni ya chini. Yaliyo katikati huhitaji kuangaliwa tena.

Kadiri mapigo yanavyokuwa chini ndivyo uwezekano wa mimba kuharibika unavyoongezeka, na ya chini ya 80 huleta wasiwasi mkubwa zaidi. Hata hivyo mimba nyingi zilizokuwa na mapigo ya chini kiasi ziliendelea hadi mtoto akazaliwa. Kipimo kimoja ni onyo. Hakitoshi kuwa hukumu.

Kwa nini arudi?

Sababu ya kwanza ni tarehe. Mama ambaye hedhi yake hubadilika, aliyeshika mimba akinyonyesha, au asiyekumbuka vema siku yake, anaweza kudhani ana wiki saba kumbe ana sita. Ndiyo maana daktari hupima urefu wa kiinitete na kuulinganisha na mapigo.

Sababu ya pili ni kwamba picha mbili zilizopishana kwa siku kadhaa hueleza zaidi ya moja. Mimba inayokua huonyesha urefu ulioongezeka na mapigo yaliyopanda. Miongozo ya kitaalamu iliyotolewa tangu mwaka 2013 inasisitiza tahadhari: mimba haitangazwi kuwa imekufa kwa kukosa mapigo ikiwa kiinitete hakijafikia milimita 7. Maadamu moyo unapiga, hata polepole, hatua sahihi kwa kawaida ni kupima tena, si kuisafisha mimba.

Lawama zisizo na msingi

Swali la kwanza la akina mama wengi ni, "Nimefanya nini?" Mara nyingi jibu ni: hakuna. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza huwa na kasoro ya kromosomu iliyotokea wakati wa kutungwa. Kupanda mteremko wa Kibosho au Marangu, kubeba majani ya ng'ombe, kugombana na mume au kujamiiana hakufahamiki kuwa chanzo cha moyo wa mimba kupiga polepole. Kulala kitandani mchana kutwa nako hakujathibitishwa kuzuia mimba kuharibika, ingawa aliyechoka ana haki ya kupumzika.

Yapo mambo ya kuzingatia. Kisukari na maradhi ya tezi ya shingo yadhibitiwe. Homa isipuuzwe, hasa kwa wakazi wa tambarare zilizo chini ya mji, ambako malaria ni tishio kuliko milimani. Vidonge vya asidi ya foliki viendelee kumezwa. Mbege, ingawa ni kinywaji cha heshima katika mila za Wachagga, ina kilevi, na hakuna kiasi cha kilevi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito. Dawa za mitishamba zinazosemekana "kushikilia mimba" zisitumiwe bila daktari kujua.

Kuzipitisha siku za kusubiri

Kabla ya kuondoka hospitalini, mama aombe kuandikiwa mambo manne: urefu wa kiinitete, idadi ya mapigo, umri wa mimba na tarehe ya kurudi. Karatasi hiyo humsaidia daktari wa pili, na humpunguzia mama kazi ya kukisia usiku.

Amchague mtu mmoja au wawili wa kuwaeleza. Desturi ya kuficha mimba changa ina hekima yake, lakini humwacha mwanamke peke yake wakati anapomhitaji mtu zaidi. Mume asisubiri kuombwa. Aende naye siku ya kipimo, na maswali ayaulize yeye endapo mke atashindwa.

Kupima kila siku katika vituo tofauti hakusaidii. Mashine na wapimaji hutofautiana, na mabadiliko ya siku moja ni madogo. Vivyo hivyo, kusoma visa vya watu wengine usiku kucha huongeza hofu bila kuongeza maarifa. Kazi nyepesi, chakula, matembezi ya jioni, sala kwa anayesali, na usingizi ni msaada wa kweli. Ikiwa usingizi na hamu ya kula vimepotea kwa siku nyingi, amweleze mhudumu wa afya bila aibu.

Asisubiri tarehe aliyopewa iwapo atatokwa damu nyingi inayolowesha pedi mbili kwa saa moja, atapata maumivu makali ya tumbo hasa upande mmoja, maumivu ya bega, kuzirai au homa. Aende mara moja katika hospitali iliyo karibu, iwe Mawenzi, KCMC, Kilema, Kibosho au Machame.

Ikitokea imepotea

Tangu mwaka 2000 KCMC, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, imekuwa ikiweka kumbukumbu za uzazi kwa kuwahoji akina mama baada ya kujifungua. Mimba iliyopotea wiki ya saba haifiki katika wodi hiyo, na nyumbani hakuna anayeipikia mtori kama anavyopikiwa mzazi. Lakini mwili umetoka damu na moyo umeumia. Familia inayomtunza mzazi kwa wiki kadhaa inaweza kumtunza na huyu, hata kwa siku chache, na maneno kama "utapata mwingine" yakahifadhiwa kwa wakati mwingine.

Wanawake wengi waliopoteza mimba moja hubeba nyingine salama. Na kwa yule ambaye bado anasubiri, ukweli wa leo ni huu: moyo unapiga, na kipimo kijacho kina tarehe.