Hilful-Fudhul: Mkono Mmoja na Mdhulumiwa



Kijana wetu mmoja, ambaye siku hizi anafanya kazi ughaibuni, alinijia baada ya sala ya Alasiri na suali lake. Mji anaokaa una kamati ya kulishauri baraza la mji juu ya haki za binadamu. Wanaoingia humo ni wakaazi wa kawaida, wanajitolea, hawalipwi mshahara. Husikiliza malalamiko ya watu walioonewa kazini, au katika nyumba za kupanga, au mbele ya maofisa, kisha huwapa wakuu wa mji shauri. Naye ametakwa ajitolee. Akaniuliza: "Sheikh, yafaa mimi kukaa meza moja na watu wasiokuwa wa dini yangu, tukazungumza habari ya haki?"

Sikumjibu ndiyo wala siyo. Nilimwambia aketi, nikamsimulia kisa ambacho nawe nataka ukisikilize, maana wengi wetu tulikisoma chuoni tukakipita mbio.

Ilikuwa yapata mwaka 590 wa Miladi, miaka 20 hivi kabla ya Utume. Makka wakati huo haikuwa na mfalme wala kadhi mwenye nguvu. Ngao ya mtu ilikuwa ukoo wake. Mwenye ukoo mkubwa haguswi, na asiyekuwa na ukoo hana pa kushitaki.

Akaja mtu wa kabila la Zubayd, kutoka nchi ya Yemen, na bidhaa zake. Akazinunua Al-Aasi bin Wail, mkubwa katika Bani Sahm, akazichukua, kisha akamzuilia thamani yake. Yule mgeni akawaendea koo zilizokuwa na mapatano na Bani Sahm, akawaomba wamsaidie. Hawakumsaidia, bali walimkemea. Si kwamba hawakujua nani mwenye haki. Walijua, lakini Al-Aasi ni mwenzao, kesho watakula naye sinia moja, na huyu mgeni atakwenda zake.

Basi asubuhi, jua linapochomoza, na Makureshi wamekaa makundi makundi pambizoni mwa Al-Kaaba, yule mtu akapanda jabali la Abu Qubays, akapiga ukelele akawatangazia dhulma aliyofanyiwa katika mji wao mtukufu. Wote walisikia. Aliyesimama ni Zubeir bin Abdulmuttalib, ami yake Mtume (S.A.W.), akasema kuwa jambo hili haliwezi kuachwa.

Wakakutana Bani Hashim, Bani Muttalib, Bani Asad, Bani Zuhra na Bani Taym katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, naye akawafanyia chakula. Ulikuwa mwezi wa Dhulqaada, mwezi mtukufu. Hapo wakaapa kwamba hatadhulumiwa mtu Makka, awe mwenyeji au mgeni, ila wao watakuwa mkono mmoja naye mpaka arudishiwe haki yake, na kwamba kiapo hicho kitadumu muda wote bahari itakapokuwa na maji ya kulowesha. Mapatano hayo ndiyo yaliyoitwa Hilful-Fudhul.

Baada ya kula na kuapa hawakwenda kulala. Waliondoka wakenda mpaka kwa Al-Aasi, wakamtoa zile bidhaa, wakamrudishia mwenyewe.

Sasa tazama, ndugu msomaji. Waliokaa katika nyumba ile walikuwa washirikina wenye kuabudu masanamu. Na kati yao alikaa kijana wa miaka 20, Muhammad bin Abdallah (S.A.W.). Baadaye alipopewa Utume aliyavunja mengi ya zama za ujahili, lakini hili hakulivunja. Alisema kuwa alihudhuria mapatano katika nyumba ya Ibn Jud'an ambayo asingependa kupewa ngamia wekundu, mali ya thamani kabisa kwa Waarabu, badala yake. Na lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeitikia. Suali la yule kijana jibu lake ni hilo. Haki ya mtu hairudi kuwa batili kwa kuwa asiyekuwa Muislamu naye ameishika upande mmoja.

Wala haikuwa kazi ya siku moja. Wapokezi wanasimulia kuwa mtu wa kabila la Khath'am alikuja Makka na binti yake, akanyang'anywa na Nubayh bin Al-Hajjaj, naye pia ni wa Bani Sahm. Yule baba akaambiwa: waite watu wa Hilful-Fudhul. Akasimama penye Al-Kaaba akawaita, wakamjia mbio na panga zao, wakasimama mlangoni pa Nubayh mpaka binti akatoka. Nubayh akaomba aachiwe usiku mmoja tu. Hawakumpa.

Na mwenye kuachiwa dhulma huifanya ada. Al-Aasi yule yule, miaka baadaye, alimzuilia ujira wake Khabbab bin Al-Aratti, mfua chuma maskini, akamwambia hampi mpaka amkanushe Muhammad. Khabbab akakataa, na zikateremka aya katika Sura ya Maryam juu ya jeuri ile.

Nami sitaki usome haya ukadhani aliyeandika ni katika watu wa Hilful-Fudhul. Miaka mingi iliyopita alinijia barazani mama mmoja mtumishi wa nyumba, mtu wa bara, hana jamaa mjini petu. Alikuwa amezuiliwa mshahara wa miezi mitatu. Nyumba aliyoitaja naijua, na mwenye nyumba tulikuwa tukisali naye safu moja, na wanawe walisoma kwangu. Nikamwambia yule mama asubiri, kwani Mwenyezi Mungu yu pamoja na wanaosubiri. Akasema, "Ahsante, mwalimu," akenda zake, na sikumwona tena.

Usiku ule ule nilikuwa na darsa ya sira, na tulikuwa tumefika kwenye nyumba ya Ibn Jud'an. Nikawasomesha vijana habari ya ngamia wekundu kwa sauti nzuri, na mlango wa mwenzangu hata hatua 100 haufiki kutoka pale nilipokaa. Subira niliyomuusia yule mama ilikuwa ni woga wangu mimi nimeuvika kanzu.

Kwa hiyo nilimwambia yule kijana: Nenda, ujitolee. Lakini jua unachokiendea. Kamati kama hiyo haina askari wala jela, nguvu yake ni kusikiliza na kusema. Ukienda kutafuta kiti na jina, utakula chakula cha Ibn Jud'an bure. Itakufikia siku ambayo mlalamikaji ni mgeni usiyempenda, na mshitakiwa ni rafiki yako, au Muislamu mwenzako, au mtu wa kwenu. Siku hiyo ndipo utakapojulikana kama uliapa kweli.

Na wewe uliyebaki nyumbani, usiseme mjini kwetu hakuna kamati. Yuko mtumishi jikoni, yuko mpangaji chumba cha uani, yuko kibarua aliyemaliza kujenga ukuta na hajalipwa. Anza na mlango wako mwenyewe, kisha uwe na ujasiri wa kubisha hodi kwa jirani.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliponyamaza, atupe nguvu ya kusimama na mdhulumiwa awaye yote, na atuepushe tusije tukawa sisi ndio tunaolilishwa mlimani. Amin.