Kisogo cha shoka si nyundo: namna ya kukagua shoka la zamani

Katika vijiji vingi vya Bagamoyo, kuanzia Kaole na Mlingotini hadi Saadani, shoka lililoachwa na babu bado linapasua kuni na kukata minazi iliyoanguka. Mara nyingi makali yake ni mazima, lakini kisogo, yaani upande wa nyuma usio na makali, kimetanuka na kujikunja pembeni kama uyoga. Hapa tunaeleza sababu yake, na kwa nini ni hatari.

Mashoka ya aina mbili

Shoka la kienyeji linalofuliwa na mhunzi lina mkia mwembamba unaopenya kwenye kichwa kinene cha mpini. Nyuma yake ni mti mtupu, kwa hiyo hakuna anayeligeuza nyundo. Shoka la dukani lina tundu la mpini, na nyuma ya tundu kuna kisogo cha chuma. Hicho ndicho kinachotutia kishawishi cha kugongea kabari na misumari.

Kwa nini kisogo ni laini

Makali hupashwa moto, huzimwa ghafla kwenye maji au mafuta, kisha hupashwa tena kidogo yasivunjike upesi. Mashoka mengi hupewa ugumu huo sehemu ya mbele tu. Katika baadhi ya mashoka ya zamani, chuma cha pua kiliunganishwa mbele, na mwili wote ni chuma laini. Ulaini huo husaidia kuta za tundu kuhimili mishtuko bila kupasuka.

Yapo mashoka yaliyotengenezwa na kisogo kigumu cha kugongea, na yapo mashoka mazito ya kupasulia yanayohimili kabari za chuma. Usidhani lako ni mojawapo kwa sababu tu ni zito.

Madhara ya kugonga chuma kwa chuma

Kwanza, tundu hupanuka au kupinda. Mpini hulegea hata ukiongeza kabari, na siku moja kichwa cha shoka huchomoka na kuruka. Pili, ile kingo iliyojikunja hukatika vipande vidogo vyenye kasi kubwa. Jicho la mgongaji, au la mtoto aliyesimama karibu, linaweza kupotea. Kulipiga shoka lililokwama kwa nyundo kubwa huleta madhara hayohayo.

Kagua hivi

• Futa kutu, kisha tazama kuta za tundu juani. Ukiona ufa, acha kulitumia.
• Tazama tundu kwa juu. Upande mmoja ukiwa umevimba au umebonyea, mpini hautakaa sawa.
• Pitisha tupa kidogo karibu na makali, kisha kwenye kisogo. Ikikwangua kisogo kwa urahisi zaidi, kisogo ni laini.

Kurekebisha na kutumia

Kingo iliyojikunja iondolewe kwa tupa. Ukitumia grenda, vaa miwani ya kazi na lipoze shoka kwa maji mara kwa mara. Makali yakigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umepungua. Kwa sababu hiyohiyo, usitupe shoka motoni ili kuunguza mpini uliovunjikia ndani. Utoboe na kuusukuma nje.

Kisogo kizima kinaweza kugonga kabari ya mti mgumu au mambo ndogo ya mbao. Kabari ya chuma igongwe kwa nyundo yake. Shoka likikwama kwenye gogo, litikise kwa mpini juu na chini, au pigilia kabari ya mti pembeni.

Kipande kikiingia jichoni

Usisugue jicho wala usijaribu kukitoa. Lifunike kwa kitu safi kisicholibana, kisha nenda hospitali mara moja, hata kama maumivu ni madogo.

Shoka la urithi likikaguliwa na kutumiwa ipasavyo, litawafaa na wajukuu.