Umeme Kidogo Si Nguvu Ndogo

Maneno "maunzi ya nguvu ndogo" huteleza ulimini bila shida, na ndiyo humjia kwanza mtu anayetafuta jina la kompyuta ndogo inayowashwa mchana na usiku kulinda mtandao wa shule, zahanati au ofisi. Napinga jina hilo. Mswahili akiambiwa kifaa kina nguvu ndogo anaelewa kwamba ni dhaifu, kazi itakilemea. Mwenye kulitumia hakukusudia hivyo. Alitaka kusema kwamba kifaa hakihitaji umeme mwingi. Hayo ni mambo mawili, na mnunuzi asiyeyatenganisha huingia hasara. Kuna atakayenunua kijisanduku kisichoiweza kazi, kwa kuwa ameshakubali kwamba anayebana umeme lazima avumilie unyonge. Kuna atakayeuogopa unyonge huo akakimbilia kompyuta kubwa ya mezani, kisha ailipie kila mwezi kwenye mita ya LUKU.

Mafundi wa Kariakoo, na wale wa Luthuli Avenue kule Nairobi, hawababaiki hapa. Kwao kifaa kinakula umeme au hakili umeme, na hakuna mteja anayeuliza maana yake. Istilahi inayofaa iko jirani na kauli hiyo: maunzi ya umeme kidogo. Kwenye mkataba au zabuni mtu anaweza kurefusha na kuandika "maunzi yenye matumizi madogo ya umeme", nami sina ugomvi na hilo, mradi neno umeme litajwe na neno nguvu libaki huru kwa maana yake.

Neno maunzi lenyewe halihitaji wakili. Limetoka kwenye kuunda kwa njia ileile ambayo kulinda kumetupa mlinzi, na kiunzi ni ndugu yake. Lenye maneno mengi ni jina la kazi ya kifaa hiki, ukuta wa moto, yaani firewall. Wapo wasioridhika nalo wakisema kwamba ukuta wa moto ni ukuta unaowaka. Lakini koti la mvua halikushonwa kwa mvua, na dawa ya mbu haimponyi mbu. Kiswahili kimezoea kuunganisha kinga na kitu kinachozuiwa kwa kihusishi kifupi cha -a, na msikilizaji huelewa bila kufikiri mara mbili. Katika ujenzi, ukuta wa aina hiyo husimamishwa kati ya sehemu mbili za jengo ili moto ukizuka upande mmoja usivuke kwenda wa pili. Wataalamu wa mtandao waliliazima jina hilo, na hatari ya zama hizo inaonyesha linavyofaa. Tarehe 2 Novemba 1988 programu iliyoandikwa na Robert Morris ilianza kujisambaza yenyewe kutoka mashine hadi mashine, ikapoozesha sehemu ya intaneti ya wakati ule, ambayo watumiaji wake walikuwa wakiaminiana kama majirani. Hatari iliyoonekana siku hiyo ilikuwa ya kuenea, na moto ndio unaoenea.

Kwa sababu hiyo nalipendelea ukuta wa moto kuliko ngome, ingawa ngome ni neno zuri na lina historia pwani nzima. Ngome, kama ile ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, inangoja adui atokee nje. Ukuta wa moto hauchagui upande. Mwalimu akichomeka flashi yenye kirusi kwenye kompyuta ya maabara, moto umeanzia ndani, na kazi ya ukuta ni kuhakikisha hauvuki kufika kwenye mashine ya mhasibu. Anayeelewa jina lake hivyo ataupanga mtandao wake kwa namna tofauti na anayefikiri amejenga boma.

Limebaki neno huria, linalotajwa pamoja na programu za kuta hizi, nalo nitalipitia kwa kifupi. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kusomwa, kubadilishwa na kugawiwa. Bure ni habari ya bei. Kwa kifaa kinachopitisha kila barua na kila malipo ya taasisi, uwazi huo una thamani kubwa: anayetaka kujua mlinzi anafanya nini anaweza kufungua na kusoma.

Programu huria za ukuta wa moto na maunzi ya umeme kidogo vilikua pamoja, na sehemu kubwa ya hadithi hiyo ni ya Uswisi. Mswisi Manuel Kasper alianzisha programu ya m0n0wall mwaka 2003 na kutoa toleo la 1.0 Februari 2004. Aliijenga juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD, akaweka mipangilio yote ndani ya faili moja la XML, na ikakubali kufanya kazi kwenye bodi kama net4501 ya Soekris, yenye prosesa ya MHz 133 na RAM ya MB 64. Huko huko Uswisi, kampuni ya PC Engines ya Pascal Dornier ilitengeneza bodi za WRAP, kisha ALIX, kisha APU. Mwaka 2004 msimbo wa m0n0wall ulizaa pfSense, na Januari 2015 pfSense nayo ikazaa OPNsense kule Uholanzi. Mwezi uliofuata Kasper aliifunga m0n0wall na kuwashauri watumiaji wake waiangalie OPNsense. Zote mbili zilizobaki huchuja pakiti kwa pf, kichujio ambacho Mswisi mwingine, Daniel Hartmeier, alikiandika kwa ajili ya mfumo wa OpenBSD, kikatoka na toleo la 3.0 Desemba 2001.

Bodi ya APU2 ndiyo inayonisaidia zaidi kueleza kwa nini nguvu na umeme ni vitu viwili. Ina viini vinne vya GHz 1, RAM hadi GB 4 na kadi za mtandao za Intel. Mtengenezaji aliitaja kuwa inatumia wati 6 hadi 12 kulingana na kazi, haina feni hata moja, na inakula volti 12 moja kwa moja. Mwaka 2023 PC Engines ilitangaza mwisho wa bodi za APU, lakini zilizosambaa bado zinafanya kazi. Nafasi ya bodi hizo inachukuliwa na visanduku vyenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka huohuo, na ambayo ina uwezo mkubwa zaidi. Hapo jihadhari na namba moja. Wati 6 zinazotajwa kwa N100 ni kipimo cha joto la prosesa peke yake. Mashine nzima, pamoja na kadi zake, diski na adapta, huvuta zaidi. Kipimo cha kweli ni kile kinachosomwa kwenye mita ndogo ya kuchomeka ukutani, na zabuni inayotaja kipimo hicho haimwachii muuzaji nafasi ya kucheza na maneno.

Tupige hesabu. Kifaa cha wati 10 kinachowashwa mwaka mzima kinakula uniti 87.6. Kompyuta ya mezani iliyokuwa inazeeka stoo, ikivuta wati 70, inakula uniti 613. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni uniti 50.4. Nchini Tanzania, mteja wa daraja la D1 anatakiwa asizidi uniti 75 kwa mwezi ili abaki na bei nafuu. Kompyuta hiyo "ya bure" inameza theluthi mbili ya kiasi chake kabla taa haijawashwa.

Umeme ukikatika, hesabu inazidi kunoga. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile ya pikipiki au ya UPS ndogo, ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili usiiue mapema, kifaa cha wati 10 kitakaa saa nne. Kompyuta ya wati 70 haitamaliza dakika arobaini, na hapo sijatoa kinachopotea kwenye inveta. Kifaa kinachopokea volti 12 hakihitaji inveta kabisa, ila betri inapochajiwa hupanda kupita volti 14, kwa hiyo soma lebo ya kifaa kwanza. Kama hakihimili, weka kidhibiti volti katikati. Paneli ndogo ya sola, betri moja na ruta ya mtoa huduma pembeni, na zahanati ya kijijini inabaki hewani wakati wa mgao.

Sasa nguvu yenyewe: inahitajika wapi? Kuchuja pakiti ni kazi nyepesi. Kila mawasiliano yanayopita huandikwa kwenye jedwali, na kila mstari wa jedwali huchukua takriban KB 1 ya RAM, hivyo GB 4 ni utajiri kwa shule yenye kompyuta mia. Mzigo hutoka kwingine. VPN inalazimisha prosesa kusimba na kusimbua kila pakiti, na hapo unataka prosesa yenye maelekezo ya AES-NI, ambayo APU2 na N100 zote zinayo. Programu ya kunusa mashambulizi kama Suricata hula prosesa na RAM kuliko ukuta wenyewe; kwenye bodi ndogo ningeiacha. Tena kuna kasi ya laini. APU2 yenye FreeBSD ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida haijazi Gbps 1 kwa mkondo mmoja, lakini ofisi yenye faiba ya Mbps 50 haitaona tofauti. ALIX, kwa upande wake, ina matundu ya Mbps 100 na prosesa ya biti 32, na pfSense iliacha kuhudumia biti 32 tangu toleo la 2.4 la mwaka 2017. Huo ndio mfano halisi wa maunzi yaliyo na umeme kidogo na nguvu ndogo kwa pamoja. Hata yakiuzwa bei ya kutupa, yaache.

Kadi za mtandao zinastahili jicho kali kuliko prosesa. FreeBSD huelewana vizuri na kadi za Intel, wakati viendeshi vyake vya Realtek vimesababisha malalamiko kwa miaka mingi. Matundu mawili ndiyo kima cha chini, moja la nje na moja la ndani. Kifaa chenye matundu manne kinakupa nafasi ya kutenga wageni na kamera bila kununua swichi ya VLAN.

Katika kusimika, mambo ya kwetu yanadai uangalifu ambao miongozo ya Ulaya haiutilii mkazo. Kwanza umeme unaokatika ghafla. Ingia BIOS uamuru mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, la sivyo mtandao utalala hadi mtu afike kubonyeza kitufe. Chagua mfumo wa faili wa ZFS wakati wa kusakinisha, kwa sababu huhimili kuzimika katikati ya kuandika kuliko UFS. Tumia SSD ndogo na uachane na kadi za SD. Zamani kadi zilifaa kwa kuwa mfumo uliandika mara chache sana, lakini kumbukumbu za matukio za leo zinazichosha. Pili joto. Kifaa kisicho na feni hutoa joto kupitia kasha lake, hivyo kasha ndilo feni. Usikilaze juu ya king'amuzi wala usikifungie kabatini, hasa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga. Hakikisha bamba la alumini limegusana sawasawa na prosesa kabla ya kukaza skurubu.

APU haina tundu la skrini. Unaongea nayo kwa kebo ya konsoli, kwa kasi ya baudi 115200, na asiyejua hilo hudhani amenunua kifaa kibovu. Ukishaingia, jambo la mwanzo ni anwani. pfSense na OPNsense hujipa 192.168.1.1 upande wa ndani, na ruta nyingi za watoa huduma hutumia mtandao huohuo. Zikigongana hakuna kitakachopita. Badilisha upande wako mapema, tuseme 10.20.0.1, kisha badilisha na nywila ya kiwandani.

Kanuni za mwanzo huzuia kila kinachoanzia nje na kuruhusu kila kinachoanzia ndani. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo maana ya ukuta wa moto inapopotea, kwa kuwa vyumba vya ndani vimeachwa bila ukuta kati yao. Tenga uhasibu, maabara, wageni na kamera, kila kundi na mtandao wake, na ruhusu kuvuka kwa sababu inayojulikana tu. Kanuni hizo zenyewe haziongezi umeme wa kutajika.

Mwisho pakua lile faili la XML lenye mipangilio yote. Lina nywila na funguo za VPN, kwa hiyo lisimbwe na lihifadhiwe nje ya kifaa. Kifaa kikiungua kwa radi, unalipakia kwenye kingine na taasisi inarudi kazini siku hiyohiyo. Kuna kikwazo kimoja: FreeBSD huzipa kadi majina kwa kufuata kiendeshi, zikaitwa igb0 na igb1 kwenye APU2, igc0 na igc1 kwenye kisanduku cha N100 chenye kadi za Gbps 2.5. Mfumo utakuuliza upya lipi ni la nje na lipi la ndani. Andika majibu hayo kwenye karatasi, na ubandike lebo kwenye kila tundu.