Nguvu kwa Nguvu: Mitishamba na Dawa za Kisukari katika Usambara

Wasambaa wa milima ya Usambara wana fikra moja ya kale juu ya utawala ambayo yawafaa sana watu wa tiba. Wazee walisema ya kwamba nchi yaweza kuponywa, yaani kuzifya shi, au yaweza kuharibiwa, yaani kubana shi. Iliponywa pale mfalme mmoja alipozishika dawa zote za mvua. Iliharibika pale wenye dawa wengi waliposhindana, kila mmoja kwa uwezo wake. Hali hiyo ya pili waliiita nguvu kwa nguvu. Mwanahistoria Steven Feierman ameyaeleza mambo hayo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1990. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vugha, alipofariki mwaka 1862, vita vya warithi viliwaonyesha watu maana ya maneno hayo. Na tuangalie neno moja: dawa ya mvua haikuwa mbaya kwa asili yake. Dawa ile ile iliyoleta mvua ndiyo iliyoweza kuizuia.

Fikra hii naiona ni ufunguo wa kulielewa jambo la siku zetu, nalo ni mgonjwa wa kisukari anayekunywa vidonge vya hospitali asubuhi na maji ya mizizi jioni.

Kuchanganya tiba si jambo geni milimani. Wajerumani waliiita Lushoto Wilhelmstal, na mwaka 1902 wakaanzisha taasisi ya utafiti wa mimea huko Amani; baadaye wamisheni wa Kilutheri wakawa na hospitali yao Bumbuli. Walakini wenyeji hawakuuacha uganga wao kwa sababu ya hospitali. Aghalabu jamaa wa mgonjwa walikaa shauri wakaamua aende wapi kwanza na wapi baadaye, na njia moja haikuifunga nyingine.

Wala si kweli kwamba mti na kidonge ni maadui. Huko Amani ulipandwa mkwinini, na katika vita vya 1914 hadi 1918 Wajerumani, walipokatiwa njia za bahari, walitengeneza kwinini kwa magamba yake. Kisukari nacho kina habari kama hiyo. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza akadungwa Januari 1922. Lakini metformini, kidonge kinachotumiwa leo kuliko vingine, chanzo chake ni uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matumizi yake mwaka 1957. Basi tofauti haiko katika asili ya dawa, bali katika kipimo. Kidonge kina kiasi kinachojulikana. Mzizi mmoja waweza kuwa mkali mara nyingi kuliko mwenziwe, kwa sababu ya udongo, majira, au muda wa kuchemshwa.

Hapo ndipo nguvu hukutana na nguvu. Karela, tunda lile chungu, hushusha sukari ya damu. Glibenklamidi nayo hushusha. Zikikutana pasipo mtu kujua, sukari yaweza kuanguka hata mgonjwa akatokwa na jasho, akatetemeka, akachanganyikiwa na kuzimia. Kwinini yenyewe huuchochea mwili kutoa insulini. Kwa hiyo hata mti wa Amani waweza kumdhuru mwenye kisukari. Tena mimea mingine huumiza figo, na figo zikidhoofika metformini haitoki mwilini ipasavyo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni nguvu moja kuifukuza nyingine kabisa. Mfano wake mashuhuri haukutokea Usambara bali Loliondo, mwaka 2011, watu kwa maelfu walipokwenda Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Ilisemekana kikombe kile kinaponya kisukari pamoja na maradhi mengine sugu, na wako walioacha dawa zao. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, siku au majuma machache yatosha kumwua.

Serikali haikulinyamazia jambo hili. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, na mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Lakini sheria haifiki ndani ya chumba cha daktari, mahali ambapo mgonjwa huficha mizizi yake kwa kuogopa kukemewa. Wala haifiki kwa mganga asiyeulizwa, naye asiyeuliza, kidonge gani kimetangulia.

Mtu aweza kudhani kwamba fundisho la wazee ni kumtawaza daktari awe mfalme peke yake. Sivyo. Wafalme wa Vugha nao waliweza kudhulumu, na daktari anayekemea huzaa siri, na siri ndiyo inayoharibu. Kilichoiponya nchi ni kwamba nguvu zote zilijulikana mahali pamoja. Katika mwili, mahali hapo ni mgonjwa mwenyewe: akimwambia daktari kila anachokunywa, akamwambia mganga kila kidonge alichopewa, na wote wawili wakamsikiliza pasipo dharau, sukari yake itapimwa ikijulikana kinachoishusha.